Nani Alibadilisha, Lini, na kwa Sababu Gani?

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa nafundisha katika chuo ambacho sitakitaja, mwanafunzi wa mwaka wa pili alibisha hodi ofisini kwangu akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alinipa shikamoo, nikaitikia, naye akabaki amesimama. Karatasi ile ilikuwa na matokeo yake, aliyoyachapa kutoka katika mfumo wa chuo. Katika somo langu alikuwa na alama 26. Nikafungua jalada ninamotunza nakala za matokeo ninayowasilisha idarani, zenye saini yangu na ya mtahini wa nje. Humo palisomeka 62.

Jambo la kwanza lililonijia ni kwamba tarakimu zilikuwa zimepinduliwa, kosa ambalo mkono wowote uliochoka unaweza kulifanya. Jambo la pili yeye alikuwa amekwisha kulifikiri kabla hajapanda ngazi. Nililisoma katika jinsi alivyouacha mlango wazi, na katika rafiki yake aliyekuwa akisubiri nje. Rushwa ya ngono si hadithi za vijiweni. Imetajwa katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na bunge halitungi kifungu kwa ajili ya jambo lisilokuwapo. Binti aliyeangushwa na mhadhiri wa kiume ana haki ya kujiuliza kulikoni. Sikumlaumu wakati ule, na wala simlaumu leo.

Nilimwambia twende pamoja katika ofisi inayosimamia mfumo. Tulipokelewa na kijana mstaarabu.

“Daktari, mfumo unasema 26.”

“Nani aliyeiingiza?”

Akatazama. Kulikuwa na safu mbili tu za kumjibu: aliyebadilisha mara ya mwisho, na tarehe ya mwisho. Aliyebadilisha aliitwa “admin”. Tarehe ilikuwa wiki tatu baada ya mimi kuwasilisha matokeo.

“Huyu admin ni nani?”

“Ni sisi sote, Daktari. Tuko watano. Na mkandarasi anayo nywila pia.”

“Kabla ya 26 palikuwa na alama gani?”

“Hilo mfumo hautunzi.”

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi, na ndilo linalonifanya niandike makala hii, ingawa wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunisoma nikizungumzia katiba, bajeti na vyama. Hili nalo ni suala la siasa. Mamlaka ya umma yamehama kutoka kwenye makabati ya masjala kwenda ndani ya hifadhidata, lakini maswali yetu kuhusu mamlaka hayo yamebaki kwenye makabati. Tunauliza nani ana cheo, nani alitia saini, nani alihudhuria kikao. Ni nadra tukauliza nani aliigusa rekodi, ilisomekaje kabla hajaigusa, na alitoa sababu gani.

Waliowahi kufanya kazi ya uhasibu serikalini enzi za leja wanaijua kanuni. Hairuhusiwi kufuta. Ukikosea tarakimu, unaikata kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, unaandika iliyo sahihi juu yake, unatia saini na tarehe. Wino mweupe wa kufutia ulikuwa mwiko. Kurasa za jalada zilipewa namba ili moja ikichomolewa pengo lionekane, na dokezo la bosi lilikaa chini ya dokezo la mtumishi wa chini yake, kila mmoja na tarehe yake. Sisemi kwamba hapakuwa na wizi. Majalada yalipotea, na mengine yalipotea kwa malipo. Lakini kupotea kwa jalada kulikuwa tukio. Watu walilitafuta, mtu aliitwa kujieleza.

Hifadhidata, isipoelekezwa vinginevyo, ni daftari la penseli, na kifutio anacho kila aliyepewa nywila. Amri ya kubadilisha inaandika thamani mpya juu ya ile ya zamani. Hakuna pengo, hakuna mkwaruzo, hakuna karatasi iliyochakaa mahali palipofutwa. Alama 62 haikufichwa mahali fulani ambapo ningeweza kuitafuta. Ilikoma kuwapo.

Ninaposema “isipoelekezwa vinginevyo” namaanisha kwamba kuielekeza kunawezekana, tena kwa gharama ndogo. Mifumo mingi ya taasisi duniani imeandikwa kwa lugha ya Java, na mingi kati ya hiyo hutumia Hibernate, maktaba ya programu inayogeuza vitu vya programu, ambavyo waandishi wake huviita entiti, kuwa mistari katika majedwali: mwanafunzi, somo, tokeo, kiwanja, malipo. Ndani ya Hibernate kuna sehemu iitwayo Envers, iliyoanzishwa na Adam Warski wa Poland na kuunganishwa rasmi na Hibernate tangu toleo la 3.5. Mtunzi wa programu anaweka alama moja, @Audited, juu ya entiti anayotaka ikumbukwe. Kuanzia hapo, kando ya jedwali la MATOKEO kunakuwa na jedwali la pili, MATOKEO_AUD. Kila tokeo likiingizwa, likibadilishwa au likifutwa, mstari mpya unaongezwa katika jedwali hilo la pili, ukiwa na namba ya toleo na tarakimu inayoeleza aina ya tendo: 0 kwa kuingiza, 1 kwa kubadilisha, 2 kwa kufuta. Jedwali jingine linafungamanisha namba ya toleo na wakati. Unaweza kuuliza: tarehe ishirini ya mwezi uliopita rekodi hii ilisomekaje? Nayo ikajibu.

Chuo kile kilikuwa na mfumo wa Java, na mkandarasi alikuwa ametumia zile alama za Spring zinazoandika aliyeunda rekodi na aliyeibadilisha mara ya mwisho. Katika nyaraka za zabuni, hilo lilihesabiwa kuwa “ufuatiliaji wa mabadiliko”. Kumjua wa mwisho kati ya wapita njia watano si kuijua njia.

Hapa nawaomba wanafunzi wangu wasome polepole, kwa sababu wengi wakishaijua @Audited huona kazi imekwisha. Envers ikiachwa ilivyo haiandiki jina la mtu. Inaandika nini na lini. Nani ni juu yako, uongeze safu katika jedwali la matoleo na kipande cha programu kinachochukua jina la aliyeingia kwenye mfumo. Rekodi ikifutwa, kwa mpangilio wa kuanzia, jedwali la historia linabaki na namba ya utambulisho tu, huku safu nyingine zikiwa tupu, mpaka uiamuru itunze data wakati wa kufuta. Amri za mkupuo, zile zinazobadilisha maelfu ya mistari kwa sentensi moja, zinaipita Envers pembeni bila kuonekana. Na mtu anayefungua hifadhidata moja kwa moja na kuandika amri yake ya SQL hapiti kwenye Java kabisa. Kwa Envers hakuna kilichotokea.

Sasa jiulize: anayetaka kuiba au kuficha atapita mlango gani? Karani wa dirishani atapita dirishani, na Envers itamwona. Mwenye ufunguo wa seva atapita uani. Historia inayotunzwa na programu peke yake inaelekea kuwanasa watumishi wadogo na kuwaacha wakubwa. Kwa hiyo kwa rekodi nzito, kama ardhi, matokeo, malipo na daftari la wapiga kura, historia ni lazima itunzwe pia ndani ya hifadhidata yenyewe, kwa vichochezi vinavyofanya kazi bila kujali mabadiliko yametoka wapi, au kwa majedwali yanayojitunzia matoleo, ambayo kiwango cha SQL kiliyaeleza mwaka 2011 na ambayo MariaDB inayo tangu toleo la 10.3. Kisha nakala ipelekwe kila siku mahali ambapo msimamizi wa mfumo hana nywila. Kwa mkaguzi wa ndani, kwa mfano. Mwenye funguo za ghala asiwe ndiye mwenye daftari la ghala. Hili bibi zetu walilijua bila kompyuta.

Lakini swali lililo gumu kuliko yote ni la tatu katika kichwa cha makala hii, kwa sababu hakuna maktaba ya programu inayoweza kulijibu kwa niaba ya binadamu. Kwa sababu gani?

Mfano ninaoupenda umetoka karibu. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioandikwa kwa Java, ulianza mwaka 2004 kutokana na ushirikiano wa wataalamu wa Indiana, Marekani, na mpango wa AMPATH wa Eldoret, Kenya, wakati kliniki za VVU zilipokuwa zimezidiwa na makaratasi. Katika OpenMRS rekodi za mgonjwa kwa kawaida hazifutwi, zinabatilishwa. Mstari unabaki mahali pake, ukiwa na safu za aliyebatilisha, tarehe ya kubatilisha, na sababu ya kubatilisha. Kipimo cha mgonjwa kikisahihishwa, kile cha awali kinabatilishwa na kipya kinaandikwa, na kipya kinamtaja mtangulizi wake. Ni mstari mmoja wa wino na saini pembeni, yaani leja ile ile, imerudi ndani ya mashine.

Kwa nini hospitali ilifikiria hivyo na chuo hakikufikiria? Nadhani ni kwa sababu daktari anajua kwamba uamuzi wa jana ulifanywa kwa namba ya jana. Aliyempa mgonjwa dawa kwa kipimo ambacho baadaye kilionekana kuwa na kosa hakufanya uzembe. Alifanya kazi kwa alichokiona. Ukifuta kipimo cha kale umemfanya daktari huyo aonekane mwendawazimu. Vivyo hivyo katika DHIS2, mfumo mwingine wa Java, ambao kwetu unabeba takwimu za MTUHA kutoka zahanati hadi wizarani: tarakimu ya taarifa ya mwezi ikibadilishwa, ya awali hutunzwa pamoja na jina la aliyeibadilisha. Mganga mfawidhi wa zahanati akiulizwa na wilaya kwa nini idadi ya wajawazito waliohudhuria imeshuka, anaweza kuonyesha kwamba yeye hakuishusha.

Hilo ndilo ninalotaka watumishi wa umma wanaonisoma walielewe, kwa maana najua wengi wao wakisikia neno “ukaguzi” hunyanyua mabega. Historia ya mabadiliko ni mlinzi wa mtumishi kabla ya kuwa mlinzi wa umma. Tazameni yaliyowapata wasimamizi wa matawi ya posta Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 shirika la posta la huko lilitumia mfumo wa kompyuta wa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha katika matawi, na neno la mfumo likawa ushahidi. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu na kughushi hesabu. Wapo waliofungwa, waliofilisika, waliojiua. Shirika lilishikilia kwa miaka kwamba hakuna anayeweza kugusa hesabu za tawi kutoka mbali. Desemba 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu zenye uwezo wa kuzalisha upungufu usiokuwapo, na kwamba wafanyakazi wa Fujitsu waliweza kuingia na kubadilisha data za tawi bila mwenye tawi kujua. Mwaka 2024 bunge lao lililazimika kutunga sheria ya kufuta hukumu zile. Fikiria mwanamama wa duka la kijijini akijaribu kuthibitisha kwamba si yeye aliyeandika, ilhali daftari la nani aliandika nini liko mikononi mwa wanaomshitaki.

Kwa jirani zetu, swali hilo hilo liligusa kiti cha urais. Katika shauri la uchaguzi la mwaka 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamuru tume ya uchaguzi iwaruhusu walalamikaji kuzisoma kumbukumbu za seva zake, kusoma tu, bila kugusa. Tume haikutekeleza amri hiyo ipasavyo. Tarehe 1 Septemba uchaguzi ulibatilishwa kwa uamuzi wa majaji wanne dhidi ya wawili, na katika hukumu kamili majaji walio wengi walilichukulia kosa hilo la kutoonyesha kumbukumbu dhidi ya tume yenyewe. Wapo waliousoma uamuzi huo kama ushindi wa upande mmoja. Mimi niliusoma kama fundisho la sheria ya ushahidi: anayetunza rekodi ya umma akishindwa kuonyesha historia yake, asitarajie kuaminiwa kuhusu hali yake ya sasa. Ningependa kanuni hiyo ishuke kutoka ikulu hadi kwenye ofisi za ardhi za wilaya.

Nimesikia hoja za kupinga. Ile ya nafasi ya diski siipi muda. Tunatunza video za warsha kwa ubora wa juu kuliko tunavyotunza hati za viwanja. Hoja nzito ni ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mwananchi haki ya kutaka taarifa zake zisahihishwe, na katika mazingira fulani zifutwe. Jedwali la historia lisilosahau linaweza kuendelea kubeba hali ya afya ya mtu, au jina aliloliacha, miaka mingi baada ya rekodi kuu kusafishwa. Hili halina jibu la mkato. Nionavyo mimi, tofauti iwekwe kati ya rekodi ambazo dola huzitumia kumwamulia mtu jambo na taarifa zilizokusanywa kwa sababu tu fomu ilikuwa na nafasi. Za kwanza zikumbukwe, kwa muda uliowekwa kisheria, na zisomwe na wachache, huku kila aliyezisoma naye akiandikwa. Za pili ni heri zisingekusanywa.

Kuna pia hofu kwamba mkuu wa idara mwenye chuki atachambua kila kubofya kwa karani wake apate kosa. Hofu hiyo ni halali, na dawa yake ni kwamba historia iwe wazi kwanza kwa anayehusika nayo. Mwanafunzi afungue alama yake aone matoleo yake yote. Mwenye kiwanja vivyo hivyo. Kila mmoja akiiona ya kwake, bosi hatakuwa msomaji pekee.

Kwa wanaoketi katika kamati za zabuni, basi, naomba msikubali tena sentensi isemayo “mfumo utakuwa na kumbukumbu za ukaguzi”. Mtakeni mkandarasi abadilishe rekodi mbele yenu kwa njia tatu: kupitia skrini, kwa amri ya mkupuo, na moja kwa moja ndani ya hifadhidata. Kisha awaonyeshe historia ya zote tatu, pamoja na jina la mtu halisi na si la akaunti ya kuchangia, na sababu aliyolazimika kuiandika kabla mfumo haujamkubalia. Inachukua nusu saa. Wanaharakati nao, mnapoomba taarifa chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, msiombe orodha ya wanufaika wa mradi peke yake. Ombeni mabadiliko ya orodha hiyo tangu siku ilipoidhinishwa. Mkijibiwa kwamba hayatunzwi, jibu hilo nalo ni habari ya kuandika.

Yule binti alikuwa ameshafanya mtihani wa marudio tulipolimaliza suala lake, na kama ilivyo desturi, mtihani huo haukupi zaidi ya C hata ukijibu kila swali. Nakala ya karatasi niliyokuwa nayo ndiyo iliyotuokoa sote wawili: yeye alirudishiwa alama yake, nami nikaepuka kuulizwa jambo ambalo nisingekuwa na namna ya kulikana. Kama ilikuwa ni kosa la kidole au mtu alilipwa, hatukujua, na hakuna atakayejua. Wiki moja baadaye niliingia kwenye mfumo kuhakikisha. Palisomeka 62, safi, kana kwamba 26 haikuwahi kuandikwa. Safu ya aliyebadilisha mara ya mwisho ilisema: admin.